Nyama ya kubanikwa na kiti cha mteja

Leo tunaingia hotelini. Na kwa hoteli nakusudia ile ya kula, kama tulivyozoea kusema nyumbani, tena ile inayonukia moshi tangu barabarani.

Mgeni kutoka Afrika Mashariki anapofika Texas, Missouri au South Carolina, hazipiti siku nyingi kabla mwenyeji wake hajampeleka kwenye mkahawa wa nyama ya kubanikwa. Hurudi na maoni yake, na maoni hayo, kwa jinsi nilivyoyasikia kutoka kwa wenzetu wa Houston, Dallas na kwingineko, hufanana mno. Foleni ilikuwa ndefu. Nyama ilikuwa laini kupita kiasi, haina ule ugumu kidogo ambao mlaji wa nyama choma huutafuta kwa jino. Mchuzi ulikuwa na sukari. Tuliwekewa chakula juu ya karatasi, sahani hakuna. Tuliporudi siku ya pili saa nane mchana tukaambiwa nyama imekwisha. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, hutajwa bei.

Nataka tuyapitie malalamiko haya, kwa sababu mengi yana jibu lake, na jibu hilo hufunza jambo juu ya chakula chenyewe. Baada ya hapo tutafika kwenye lalamiko zito zaidi, ambalo halikuhusu upishi hata kidogo, na ambalo lilipanda ngazi za sheria hadi Mahakama Kuu ya Marekani.

Tuanze na jina. Neno la Kiingereza, barbecue, lilitokana na barbacoa, neno ambalo Wahispania walilichukua kutoka kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Lilikuwa jina la uchaga wa miti uliosimamishwa juu ya moto, nyama au samaki wakatandazwa juu yake. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Uchaga anaujua, na kitendo chenyewe ana neno lake: kubanika. Kuchoma ni kuikabidhi nyama kwa makaa na kuitoa upesi. Kubanika ni kuiacha mbali kidogo na moto, moshi na joto la taratibu vifanye kazi. Kwa hiyo mtu anayefika Texas akitarajia nyama choma amekwisha kukosea mlango kabla hajaketi, kwa kuwa alichoandaliwa ni chakula cha jamaa nyingine.

Sifa kubwa ya Texas ni kidari cha ng'ombe. Hiki ni kipande kigumu. Ng'ombe hubeba sehemu kubwa ya uzito wake kwa misuli ya kifua, na misuli inayofanya kazi kutwa hushikanishwa na utando mgumu ambao wataalamu huuita kolajeni. Ukikichoma kidari juu ya makaa kama unavyochoma mbavu za mbuzi, utatafuna mpaka taya zikuume. Wachomaji wa Texas hukilaza katika tanuri la moshi wa kuni za mwaloni, joto likiwa kiasi cha nyuzi 120 za Selsiasi, kwa muda wa saa 12, mara nyingine 16 na zaidi. Katika muda huo kolajeni huyeyuka ikawa ute laini, na nyama ikaachia. Ule ulaini ambao mgeni huuona kuwa ni kasoro ndio uliomkesha mchomaji.

Na hapo ndipo penye jibu la lalamiko la pili, la nyama kwisha. Kidari kitakacholiwa leo mchana kiliingia motoni jana jioni. Wateja wakizidi, hapana njia ya kuongeza. Mwenye mkahawa hawezi kumtuma kijana buchani akimbie alete kilo kumi. Aliyekisia vipande 40 jana atauza vipande 40 leo, kisha atatundika kibao mlangoni. Mimi nakiona kibao hicho kuwa ni aina ya uaminifu. Mkahawa wa namna hii ambao kidari chake hakiishi kamwe, asubuhi hadi usiku wa manane, unapaswa kuulizwa jana kilibaki kiasi gani na kilipashwa moto mara ngapi.

Karatasi nayo ina historia yake. Kusini mwa Austin uko mji mdogo wa Lockhart, ambao Bunge la Texas liliutambua rasmi mwaka 1999 kuwa makao makuu ya nyama ya kubanikwa katika jimbo hilo. Mkahawa wake mashuhuri, Kreuz Market, ulianza mwaka 1900 kama bucha. Wachinjaji wa sehemu hizo, wengi wao wakiwa na asili ya Kijerumani na Kicheki, hawakuwa na majokofu. Nyama ambayo haikununuliwa mbichi waliitia moshi isiharibike. Vibarua waliokuja kuchuma pamba, weusi na wenye asili ya Kimeksiko wakiwa wengi kati yao, waliinunua ikiwa ya moto, wakafungiwa katika karatasi ya buchani, wakaila papo hapo kwa mikono pamoja na biskuti za chumvi. Sahani hazikuwapo kwa sababu pale palikuwa buchani. Katika jengo la zamani la bucha hiyo visu vilifungwa kwa minyororo mezani ili mteja asiondoke navyo. Uma haukutolewa, na mchuzi vilevile. Mchuzi ulidhaniwa kuwa kifuniko cha nyama mbaya. Mgeni anayewekewa karatasi leo anahudumiwa kama kibarua wa pamba alivyohudumiwa miaka mia moja iliyopita, na hulipia desturi hiyo kwa bei ambayo kibarua yule asingeiota.

Kuhusu bei, tusimame kidogo, kwa sababu hapa kuna tofauti ambayo watu wengi hawaioni. Mteja wa Nairobi, Kajiado au Arusha huingia kwanza buchani. Huchagua paja au mbavu zinazoning'inia, zikapimwa mbele ya macho yake, akakubaliana bei, ndipo nyama ikaenda motoni. Husubiri saa moja au zaidi huku akizungumza na wenzake. Kisha huja kijana na ubao na kisu, akakata vipande mezani, chumvi ikamwagwa pembeni, ugali na kachumbari vikafuata. Wasiwasi wa mteja huyu ni mmoja: je, hili ni paja langu lile, au limebadilishwa huko jikoni? Wapo wanaomtuma mmoja wao asimame karibu na jiko mpaka mwisho.

Lakini tazama mizani. Nyumbani nyama hupimwa ikiwa mbichi. Moto unapokausha maji na kuyeyusha mafuta, uzito unaopungua ni hasara ya mteja. Alilipia kilo, akala pungufu ya kilo. Lockhart mizani ipo upande wa pili wa moto. Nyama hupimwa ikiwa imeiva, na kidari, baada ya kupunguzwa mafuta na kukaa usiku kucha katika moshi, huweza kupoteza karibu nusu ya uzito wake. Hasara hiyo ni ya mwenye mkahawa, naye huirudisha katika bei. Leo katika migahawa mingi yenye jina huko Texas, ratili moja ya kidari, yaani kiasi cha gramu 450, hupita dola 30. Ni ghali, sikatai. Hata hivyo anayelinganisha bei hiyo na bei ya kilo moja pale Kenyatta Market analinganisha nyama iliyoiva na nyama mbichi.

Huduma je? Katika mikahawa hii ya kienyeji hakuna mhudumu wa kukuvutia kiti. Unapanga foleni, unafika kwenye meza ya mkataji, unamwambia unataka ya mafuta au isiyo na mafuta, anakata huku unamtazama, anapima, analipisha. Uhusiano wote wa mteja na mkahawa huwa katika dakika hizo mbili mbele ya kisu. Mkataji hodari hukupa kipande kidogo uonje kabla hujasema lolote. Mkataji mchovu hukukatia ncha zilizokauka na kuita mtu anayefuata. Nimepata kusimama katika foleni mbili za namna hiyo katika siku moja, katika miji miwili ya Texas isiyo mbali sana, na nakiri kwamba nyama ya yule aliyenionjesha ndiyo niliyoisifu, ingawa sina hakika kwamba ilikuwa bora.

Pale Austin, Franklin Barbecue, ulioanza mwaka 2009 katika kigari cha kuvutwa kando ya barabara, ulijulikana upesi kwa foleni ya saa kadhaa. Watu hufika alfajiri na viti vyao na vinywaji vyao. Mfanyakazi hupita akiwauliza watu wanakusudia kununua kiasi gani, akapiga hesabu, na akamwonya yule wa mwisho anayeweza kupata kwamba walio nyuma yake huenda wakasimama bure. Huduma hiyo haionekani katika orodha ya vyakula, lakini mtu aliyesimama saa nne juani huithamini kuliko kitambaa cha mezani. Rais Barack Obama alipofika hapo mwezi Julai mwaka 2014 aliipita foleni nzima, akaomba radhi, na akawalipia chakula watu waliokuwa wamesimama karibu naye. Historia haisemi waliokuwa mbali walijisikiaje.

Kwa wasikilizaji wetu Waislamu nitaongeza neno, maana hili ni suala la huduma pia. Texas hujivunia ng'ombe, lakini mbavu na soseji za nguruwe hukatwa mara nyingi kwenye ubao huohuo na kwa kisu kilekile. Kuelekea mashariki, katika majimbo ya North na South Carolina, nguruwe ndiye mfalme. Inafaa kuuliza kabla ya kufika mbele ya foleni. Katika miaka ya karibuni zimefunguliwa Texas hoteli za kubanika nyama halali tupu, na waliozoea mishikaki ya Forodhani au ya barabara za Maskati hujisikia nyumbani humo zaidi, ingawa shuwa ya Oman, inayofukiwa shimoni usiku na mchana, ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa kidari cha Texas.

Liko pia suala la bakshishi, ambalo humsumbua kila mgeni. Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi ifidie kiasi kinachopungua katika kima cha chini cha kawaida. Kwa hiyo katika mkahawa wa kukaa na kuhudumiwa, asilimia 15 au 20 anayoacha mteja ni sehemu ya mshahara wa mtu. Mahali unapobeba sinia lako mwenyewe, kila mtu na moyo wake.

Sasa tugeuke. Yule mgeni wetu anayelalamikia foleni husimama, bila kufikiri, katika foleni moja na watu wote, na akishapimiwa nyama yake huketi popote penye nafasi. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, hadi mwaka 1964, haikuwa hivyo.

Mjini Birmingham, jimbo la Alabama, palikuwa na mkahawa ulioitwa Ollie's Barbecue. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama ulikuwa mali ya familia, ukisifika kwa nyama ya kubanikwa na mikate mitamu iliyookwa hapohapo, wenye nafasi ya wateja 220. Ulikuwa umbali wa mitaa 11 kutoka barabara kuu inayounganisha majimbo. Ulikuwa na wafanyakazi 36, na theluthi mbili yao walikuwa weusi. Tangu ulipofunguliwa mwaka 1927 haukupata kumruhusu mtu mweusi kuketi ndani na kula. Aliyetaka chakula aliuziwa cha kubeba.

Tafakari hali hiyo kwa jicho la mteja. Nyama ni ileile, moto ni uleule, na pengine mikono iliyoigeuza ni ya jirani yake. Malipo ni yaleyale. Kinachokosekana ni kiti. Na kwa chakula cha aina hii kiti ni sehemu ya chakula, kwa maana nyama ya kubanikwa haina subira. Ikifungwa katika karatasi na kusafirishwa hadi nyumbani mafuta huganda na mkate hulowa. Mteja mweusi wa Ollie's alilipia nyama ya moto akala ya vuguvugu, kwa miaka 37. Wafanyakazi weusi waliweza kukaa humo kutwa nzima wakihudumia. Kuhudumiwa humo hawakuweza.

Tarehe 2 Julai mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Sehemu yake ya pili ilikataza mahoteli, mikahawa na kumbi za burudani kuwabagua wateja kwa rangi, dini au asili ya taifa. Wenye Ollie's, Ollie McClung na mwanawe, walikwenda mahakamani. Hoja yao haikuwa ya ovyo. Walisema wao ni mkahawa wa mtaani, wateja wao ni wenyeji, hawatafuti wasafiri. Serikali ya Washington inaingiaje jikoni kwao? Majaji watatu wa mahakama ya shirikisho huko Alabama waliwakubalia.

Ili kuielewa hoja hiyo yatupasa tukumbuke kwamba mwaka 1883 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba Bunge halina uwezo, chini ya marekebisho ya katiba yaliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, wa kumzuia mtu binafsi mwenye biashara asibague. Waandishi wa sheria ya mwaka 1964 walitafuta mlango mwingine. Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Basi swali likawa: Ollie's ina biashara gani na majimbo mengine?

Jibu lilikuwa katika nyama. Katika miezi 12 kabla ya sheria kupitishwa, mkahawa ulinunua vyakula vya kiasi cha dola 150,000. Kati ya hizo, dola 69,683, yaani asilimia 46, zilinunua nyama kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini, naye aliipata nje ya Alabama. Nyama ilikuwa imevuka mpaka wa jimbo kabla ya kufika motoni. Tarehe 14 Desemba mwaka 1964 Mahakama Kuu iliamua kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Tom Clark, kwamba Bunge lilikuwa na haki ya kuugusa mkahawa huo. Kwamba ununuzi wake ulikuwa mdogo hakukuwa kinga, walisema majaji. Udogo huo ukijumlishwa na wa mikahawa mingine yote yenye mwenendo kama huo hauwi mdogo tena. Watu weusi waliofungiwa milango ya kulia walisafiri kidogo zaidi na kutumia fedha kidogo zaidi, na biashara ya nchi nzima iliathirika.

Nimekuwa nikijiuliza kama si ajabu kidogo, na hata uchungu kidogo, kwamba utu wa mteja ulilindwa kwa kufuata nyayo za ng'ombe na nguruwe. Mtu angependa mahakama iseme tu kwamba binadamu ni binadamu. Majaji wawili, William Douglas na Arthur Goldberg, waliandika maoni ya ziada wakionyesha kwamba wao wangependelea msingi wa usawa wa raia. Lakini mlango uliofunguka ulikuwa ule wa nyama, na watu wakapita. McClung aliitii hukumu, akawaketisha wateja weusi. Mkahawa uliendelea na kazi, baadaye ukahama, na ulifungwa mwaka 2001. Hofu yake kwamba wateja weupe wangemkimbia haikuumaliza.

Hadithi ya South Carolina ilikuwa chungu zaidi. Mjini Columbia, Maurice Bessinger alikuwa na mikahawa sita, mitano kati yake ikiwa ya kuhudumia watu ndani ya magari yao, chini ya jina la Piggie Park. Nyama yake ya nguruwe na mchuzi wake wa manjano wa haradali vilisifika mbali. Mteja mweusi aliweza kununua kwenye dirisha la jikoni, kwa sharti kwamba asile mahali hapo. Mwezi Julai mwaka 1964, sheria mpya ikiwa bado mbichi, Anne Newman na mwenzake waliegesha gari kwenye mojawapo ya mikahawa hiyo. Mhudumu alitoka, akaona rangi ya waliokuwa garini, akageuka akarudi ndani. Baada ya muda akaja mtu mwenye kijitabu cha kuandikia maagizo, akasimama kando ya gari, akakataa kuandika, wala hakusema kwa nini.

Bessinger alijitetea kwamba imani yake ya dini ilimkataza kuchanganya rangi, na kwamba sheria hiyo ilipingana na mapenzi ya Mungu. Majaji waliiona hoja hiyo kuwa ya upuuzi. Alitetea pia jambo lililochosha mawakili zaidi: kwamba sheria inahusu mahali pa kula, na wateja wake wengi huondoka na chakula. Jaji wa kwanza alimkubalia kuhusu mikahawa ile mitano. Kwa hiyo swali la kisheria, kwa muda, lilikuwa ni asilimia ngapi ya mikate yenye nyama huliwa uwanjani na ngapi hubebwa. Mahakama ya rufaa iliipindua hukumu hiyo mwaka 1967: ikiwa chakula kimeandaliwa tayari kwa kuliwa, haijalishi mteja atakilia wapi.

Lililobaki ndilo lililofika Mahakama Kuu, na mimi naliona kuwa muhimu kuliko yote. Nani alipe wakili? Sehemu ile ya sheria haimpi mteja aliyebaguliwa fidia ya fedha. Akishinda hupata amri ya mahakama kwamba kuanzia sasa ahudumiwe kama wengine, basi. Hebu fikiria: ni nani atakayeshitaki kwa miaka minne, akilipa mawakili toka mfukoni mwake, ili mwishowe aruhusiwe kununua mkate wenye nyama? Mwezi Machi mwaka 1968 majaji walisema kwamba mtu kama Newman hajitetei nafsi yake peke yake. Anatekeleza kazi ya mwanasheria wa umma kwa niaba ya wote. Kwa hiyo anaposhinda, kwa kawaida aliyembagua anapaswa kumlipia ada za wakili. Kesi hiyo ya mkahawa wa nyama bado hutajwa leo katika mahakama za Marekani kila linapozuka suala la nani agharimie kesi za haki za kiraia.

Bessinger hakubadilika moyo haraka. Mwaka 2000, bendera ya majimbo yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe iliposhushwa kutoka kwenye kuba la bunge la South Carolina, yeye aliipandisha juu ya mikahawa yake. Maduka makubwa yakauondoa mchuzi wake rafuni. Hapo ilidhihirika aina nyingine ya kauli ya mteja: wapo walioacha kula kwake wakikiri kwamba nyama ni tamu, na wapo walioanza kula kwake kwa ajili ya bendera. Alifariki dunia mwaka 2014. Wanawe, waliorithi biashara, walikuwa wamekwisha kuzishusha bendera hizo.

Mmoja wa mawakili wa Anne Newman na wenzake alikuwa Matthew Perry, mwanasheria mweusi wa Columbia. Mwaka 1979 aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo lilelile, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo huko, na jengo la mahakama hiyo mjini Columbia leo lina jina lake. Mikahawa ya Piggie Park nayo ingalipo katika mji huohuo, na mwenye njaa ya nguruwe na haradali, awe wa rangi yoyote, huingia, huagiza, na huketi.